Chumba cha Kadi

Jumamosi, 3 Agosti 1996. Gatongora, Ruiru

Mtoto wa ndugu yangu Wekesa amelia tena tangu alfajiri. Chai nimeinywa nikiwa nimesimama, kwa sababu kiti changu kimejaa nepi. Hii ndiyo likizo ya shule. Nilimwambia kila mtu nakuja kwa ndugu yangu kupumzika. Kupumzika gani.

Nimeenda Kahawa Wendani kuiona ile kompyuta niliyosimuliwa na mwalimu mwenzangu. Ni ya mhadhiri mstaafu anayepangisha vyumba kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Mzee mchangamfu, suruali imepandishwa hadi kifuani. Kompyuta ameiweka sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, na mkewe haruhusiwi kuipangusa. Ni kibodi tu, nyeusi, ndogo kuliko sahani anayolia Wekesa ugali. Unaiunganisha na televisheni upande mmoja na redio ya kaseti upande wa pili. Programu imo ndani ya kaseti. Unabonyeza, kaseti inapiga yowe jembamba, unangoja. Mara ya kwanza ilikwama. Mara ya pili mpangaji wa juu akawasha pasi, ikakwama. Mara ya tatu ikakubali, na kijipira cheupe kikaanza kurukaruka kwenye skrini. Mzee akacheka hadi akakohoa.

Nilifurahi kama mtoto. Kijana mmoja wa pale hosteli aliniuliza kama kweli nimetoka Webuye kuja kuangalia takataka. Nikamwambia ndiyo. Wengine wakija huku wanaenda kuona simba. Mimi nafundisha taipu na kompyuta mwaka mzima, na likizo zangu natafuta mashine zilizostaafu. Simdhuru mtu.

Niliporudi nilisikia lile yowe la kaseti tokea langoni. Nikadhani masikio yangu yamebaki Wendani. Kumbe ni mtoto.

Jumapili, 4 Agosti

Mvua ya rasharasha. Sikwenda kanisani. Nilimbeba mtoto ili Wairimu, mke wa Wekesa, apate kulala kidogo.

Ana miezi miwili na hana jina. Kwenye kadi ya kliniki wameandika Mtoto wa Wairimu, basi. Ni jambo la aibu na hakuna anayelitaja mbele ya wageni. Wairimu ni Mkikuyu, na kwao jina halitafutwi, linajulikana. Msichana wa kwanza ni mama ya mume. Wa pili ni mama ya mke. Wa tatu ni dada mkubwa wa mume. Huyu ni wa tatu. Dada yetu mkubwa ni Nafula.

Na Nafula hatajwi. Alikufa maji huku Thika mwaka wa sabini na nane, akiwa na miaka ishirini na miwili, akifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo. Baba alisafiri kumfuata, akarudi peke yake, akasema amezikwa huko huko, na kuanzia siku hiyo asisikie jina hilo nyumbani kwake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba alikufa bila kutuambia lolote. Wako waliosema aliteleza mtoni. Wako waliosema alijitupa. Na kwetu Bukusu, aliyejitoa uhai hapewi mtoto wa kuitwa jina lake. Ukimpa, umemwita aje aishi humo.

Basi Wairimu anasema ni Nafula au hakuna. Wekesa anasema ni Nasimiyu. Yaani mimi.

Wairimu hataki kumruka mtu. Ameniambia usoni, bila ubaya: "Haiya, Anti, wewe bado. Ngoja zamu yako."

Niseme ukweli hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma. Ninataka. Sina mtoto na sitapata, daktari alikwisha kusema. Ningependa sana mtu mdogo aitwe Nasimiyu. Nilipokuwa nimembeba nilimwita hivyo kwa sauti ya chini, nione. Akazidi kulia.

Jumatatu, 5 Agosti

Wekesa amenipeleka kazini kwake, kiwanda cha kukoboa kahawa. Karani wa zamani alitufungulia stoo. Ndani kuna mashine ya hesabu ya miaka ya sitini, pana kuliko kitanda changu, yenye mikono, magurudumu na vitufe vilivyolika katikati. Ilikuwa ikiandika malipo ya wakulima yenyewe. Nilivuta mkono mmoja na kibebeo cha karatasi kikaruka kwa kishindo. Wekesa akaruka pia. Nilimcheka hadi karani akaona haya kwa niaba yake.

Halafu karani akaharibu siku. Akasema kama napenda vitu hivi, niende Thika kwenye kile kiwanda cha nguo kinachofungwa. Kuna chumba kizima cha mashine za kadi hakijaguswa miaka mingi. Mwenye vyuma chakavu anakuja kuzibeba wiki ijayo.

Wekesa alitangulia nje. Tulitembea hadi nyumbani. Mlangoni akaniuliza kama nitakwenda. Nikasema sijui. Nilikuwa najua.

Nafula alikuwa akitoboa kadi. Ndiyo kazi aliyoitiwa huku, na ndiyo sababu mimi napenda mashine. Alipokuja nyumbani Krismasi alituletea kadi zilizoharibika, zenye matundu madogo, tukazitumia kutazamia jua. Alisema kila tundu ni neno, na mashine inasoma. Nilimwamini kuliko padri.

Mama aliniambia kitu siku nilipokuwa natoka Webuye. Sikukiandika siku ile. Alisema ukifika Thika usikaribie mto.

Jumatano, 7 Agosti. Thika

Nimekwenda.

Kiwanda kinatisha mchana kweupe. Safu za mitambo ya kufuma zimesimama, nyuzi bado zimo. Soja wa langoni ni mzee Mkamba, Mutua, mwenye koti refu la jeshi na heshima nyingi. Alinitembeza kama mgeni wa serikali. Chumba cha kadi kiko ghorofani, mwisho wa ujia. Mlango ulivimba kwa unyevu, akausukuma kwa bega.

Mashine nane. Nne upande huu, nne upande ule, zimetazamana. Rangi ya kijivu. Kila moja na kiti chake. Kuna harufu ya mafuta na karatasi na kitu kingine, sabuni nafikiri, ingawa ni miaka. Kwenye ukuta kuna kioo kidogo ambacho wasichana walijitazamia. Nilijitazama. Nikaondoka pale haraka.

Nimesoma juu ya mashine hizi lakini sikuwa nimewahi kuzigusa. Upande mmoja zinatoboa. Msichana anasoma karatasi ya ofisini, anapiga tarakimu, kadi inatobolewa. Kisha kadi inavuka kwa msichana wa upande wa pili, naye anasoma karatasi ile ile na kuzipiga tarakimu zote upya. Mashine yake haitoboi chochote. Inalinganisha tu. Tarakimu ikitofautiana, inajifunga na taa nyekundu inawaka. Zikilingana, inakata pengo dogo ukingoni mwa kadi, na kadi hiyo haiulizwi tena na mtu yeyote.

Ningefurahi. Siku nyingine yoyote ningefurahi hadi nikalia. Nilikaa kwenye kiti cha kwanza nikahisi nimekalia mapaja ya mtu. Nikainuka.

Mzee Mutua alinitazama muda. Akauliza kama nina ndugu aliyefanya kazi hapa. Nikasema hapana. Kwa nini nilisema hapana? Akasema wa zamani amebaki mmoja tu anayemjua, Bi Zuhura, anauza chai na viazi karai Majengo, karibu na msikiti. Alikuwa wa mashine ya pili, ile ya kulinganisha.

Alhamisi, 8 Agosti

Nilimpata saa nne asubuhi. Mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, buibui imefungwa kiunoni ili isiingie kwenye mafuta. Watu wake ni wa kila mahali, aliniambia baadaye, bibi Mnubi, babu Mkamba, baba hajulikani vizuri. Wateja wanamwita Mama. Ana mdomo. Alikuwa akimgombeza mwuza mkaa, na mwuza mkaa akicheka.

Halafu akaniona. Kijiko cha matundu kikabaki juu ya karai, mafuta yakidondoka.

Nilisema naitwa Nasimiyu, nimetoka Webuye.

Akasema, "Aliteleza."

Sikuwa nimeuliza. Sikuwa hata nimetaja jina. Nilisimama pale na mkoba wangu kama mjinga.

Alinikalisha, akanipa chai nisiyoiagiza, akasema yote kwa mkupuo mmoja, macho kwenye viazi. Nafula alikuwa rafiki yake. Siku hiyo alishuka mtoni chini ya daraja, mawe yana utelezi, akateleza. Kiatu kimoja kilibaki juu ya jiwe. Yeye Zuhura ndiye aliyepiga kelele watu wakaja. Ndivyo alivyowaambia polisi, ndivyo alivyomwambia baba yetu. Mungu amrehemu. Nile viazi.

Nilikula. Vilikuwa vizuri na sikuvionja.

Nilipaswa kuridhika. Ndilo neno tulilolitaka miaka yote hii. Lakini mwanamke aliyejaa maneno namna ile alinisimulia kifo cha rafiki yake kama mtu anayesoma kutoka ubaoni. Nilipokuwa nikiondoka niliuliza kama angekuja kiwandani anionyeshe mashine zinavyofanya kazi kabla hazijachukuliwa. Alikataa. Kesho Ijumaa, ana swala, ana wateja, ana goti baya. Nilikuwa nimeshafika barabarani aliponiita.

"We binti. Jumamosi. Baada ya adhuhuri. Usije na mtu."

Ijumaa, 9 Agosti

Mtoto hajanyonya vizuri. Wairimu analia naye sasa, wote wawili, kwa zamu.

Nimemweleza Wekesa. Alikaa kwenye ngazi akichuna kutu ya mlango kwa ukucha. Ni mdogo wangu, lakini leo alionekana kama baba. Alisema hataki hadithi. Hataki kujua alikuwa na shida gani wala alivaa nini. "Neno moja tu, sista. Aliteleza au alijitupa. Ukisema aliteleza, nampa jina wiki hiyo hiyo. Ukisema lile lingine, Wairimu atanisamehe akipenda, mtoto ni Nasimiyu."

Kwa hiyo ni mimi. Nikirudi na neno moja napata wajina. Nikirudi na lingine simpati. Naona aibu kwamba nimeifikiria kwa namna hiyo. Nimeifikiria hata hivyo.

Jumamosi, 10 Agosti

Niandike kabla haijaanza kubadilika kichwani.

Bi Zuhura alikuja na kanga mpya. Mzee Mutua alitufungulia, akawasha swichi kubwa ya ukutani, akatuacha. Mashine moja tu iliitika, ya kutoboa, ya tatu kutoka dirishani. Ikaguna, ikatetemeka, taa yake ndogo ikawaka. Bi Zuhura alisema, hicho ndicho kiti cha Nafula.

Hakukaa kwanza. Alizunguka chumba akigusa kila mgongo wa kiti, akitaja majina ya wasichana kwa mnong'ono. Ndipo akakaa. Mimi nilikaa upande wa pili, mbele yake, kwenye mashine iliyokufa. Alikuta kadi tupu kwenye kasha, akazinyoosha kwa kuzigongagonga mezani, akaingiza moja.

Vidole vyake vimevimba kwa miaka ya maji na mafuta. Lakini alipoanza kupiga, sikuvitambua. Mbio, tatatatata, pumziko, tatata, pumziko. Huku akiimba. Si wimbo, ni namba. Mbili nne saba, mbili nne saba, tisa. Nyumbani Nafula alikuwa akiosha vyombo huku akiimba hesabu hivyo hivyo. Mama alikuwa akimwambia aache, wageni watadhani tunahesabu vijiko.

Niliuliza amejifunza wapi kuimba hivyo. Akasema kwa dada yako, hapa. Mikono yake ikasimama. Ndipo akasema.

Ilikuwa Ramadhani, na Agosti kama sasa, baridi kama sasa. Kazi iliwajaa. Ofisi ilikuwa inapunguza watu, na kila aliyeachishwa alitobolewa kadi. Zuhura amefunga, macho yanacheza, na kwao kufuturu ni pamoja, ukichelewa mama anakungoja na tende mkononi. Nafula akamwonea huruma. Wakafanya kitu ambacho hakiruhusiwi. Badala ya Zuhura kuisoma karatasi mwenyewe kwa macho yake, Nafula alisimama nyuma yake na kumwimbia namba, naye akazipiga. Wakamaliza mapema. Akafuturu nyumbani. Wakafanya hivyo siku ya pili, na ya tatu.

Siku mojawapo Nafula aliisoma vibaya namba ya mfanyakazi mmoja. Tarakimu mbili zikabadilishana nafasi. Aliitoboa hivyo, na alimwimbia mwenzake hivyo hivyo. Mashine ya pili ikakubali. Ikakata pengo.

Kwa hiyo aliyeachishwa hakuwa yule wa kuachishwa. Alikuwa kijana wa kusokota nyuzi, mke wake amejifungua juzi. Walitolewa kwenye nyumba za kiwanda jioni ile ile, maana orodha ikishasema, hakuna wa kubishana. Walijisitiri kwenye baraza ya maduka na kichanga chao, na baridi ile. Kifua kikambana mtoto. Akafa.

Baadaye ofisi ikagundua. Kila kadi ina alama ya aliyeitoboa. Nafula akaitwa, akafukuzwa kazi siku hiyo. Hakuna aliyemwuliza msichana wa mashine ya pili, maana kwao yeye alikuwa amehakikisha tu. Na Nafula hakumtaja.

"Na mimi nikanyamaza," Bi Zuhura alisema. "Nilikuwa na mama mgonjwa. Nikanyamaza."

Jioni ile Nafula alikwenda kwao Zuhura. Wakafuturu. Hakula. Aliinua kichwa akauliza, mbona hamumbembelezi huyo mtoto? Mtoto gani? Anayelia. Nyumba ile haikuwa na mtoto.

Kesho yake alasiri Zuhura alimtafuta, akaambiwa ameonekana akielekea mtoni. Alipofika hakukuta mtu. Alikuta viatu. Vyote viwili, pamoja, visigino vimepangwa sawa, na kitambaa cha kichwa kimekunjwa juu yake.

Alivitazama. Akajua polisi watakavyosema, na padri, na watu wa kwao Nafula, kwa sababu Nafula mwenyewe alikuwa amemweleza mambo ya kwetu. Akakifunga kitambaa kiunoni mwake. Kiatu kimoja akakitupa majini. Kingine akakiweka chini zaidi, juu ya jiwe lenye utelezi, kimelala ubavu. Ndipo akapiga kelele.

Baba alifika akaambiwa aliteleza. Angeamini. Lakini langoni mwa kiwanda mtu alimwambia binti yake alifukuzwa siku moja kabla. Akaunganisha mwenyewe, na hakumwuliza mtu tena.

Nilimchukia. Naandika hivyo hivyo: nilimchukia, mikono yake na kanga yake mpya. Miaka kumi na minane ya kukaanga viazi. Nilitaka kumwuliza kama tende zilikuwa tamu.

Akajaribu kuipiga ile namba ya kweli, mbele yangu, mara nyingi. Kila mara vidole vilipiga ile nyingine. Kadi zilianguka sakafuni moja baada ya nyingine. Akalia kama watu wazima wanavyolia, bila kujifunika. Nilizunguka meza nikamshika mabega, na chuki ikaniishia, sijui ilikwenda wapi. Nilikuwa nimechoka tu.

Tulipokuwa tukishuka ngazi alisema amenieleza mimi kwa sababu nina uso wake. Wengine wote atawaambia kama alivyowaambia siku zote. Hakuniomba niseme nini. Hata hakunitazama.

Jumapili, 11 Agosti

Sikurudi Ruiru jana. Nililala Kamenu, mtaa wa hapa Thika, kwa rafiki tuliyesoma naye, nikadai kichwa kinaniuma.

Leo nimekwenda mtoni. Samahani, mama. Maji ni ya udongo na yana kelele. Watu wanafua. Msichana mmoja aliniuliza kama nimepoteza kitu.

Nimeiweka hivi. Nikimwambia Wekesa ukweli, mtoto ni Nasimiyu, na Nafula anabaki nje mlangoni daima, yeye na kosa lake alilolifanya kwa huruma. Nikisema uongo, naenda kinyume cha mila zetu na kumtwisha mtoto jina ambalo huenda ni zito. Mimi ni mwalimu, lakini naogopa mambo haya. Nayaogopa kweli. Nimesikia mtoto analia huko mtoni, nikageuka ghafla, na alikuwepo, mgongoni mwa mama yake, amefungwa shali ya kijani.

Jumatatu, 12 Agosti. Gatongora

Lori la vyuma chakavu limekwenda kiwandani leo. Sikutaka kuona.

Wekesa alikuwa akiningoja kwenye ngazi zile zile. Hakunisalimu. Nilisema, alishuka mtoni chini ya daraja, mawe yana utelezi, akateleza. Kiatu kimoja kilibaki juu ya jiwe. Nilisema maneno ya Bi Zuhura, kwa mpangilio wa Bi Zuhura, bila kuongeza wala kupunguza.

Aliuliza mara moja tu kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akafunika uso kwa kofia yake ya kazini na mabega yakaanza kutikisika. Miaka yote hii nilidhani ana hasira na Nafula. Alikuwa na miaka kumi Nafula alipokufa. Alikuwa anamtaka tu.

Wairimu alitoka jikoni na unga mikononi. Akatuangalia wote wawili, akaelewa, akarudi kupika. Nilimsikia akiimba.

Nasimiyu hatakuwepo. Inauma. Nilijifungia chooni hadi ikapungua.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimefunga mkoba. Naondoka kesho asubuhi.

Mtoto amepewa jina leo. Hapakuwa na sherehe. Wairimu alichinja kuku, jirani mmoja akaja, na mzee wa kanisa akasali kifupi kwa sababu alikuwa na safari. Jana Wekesa alikwenda kwenye simu ya posta akamfikishia mama ujumbe kupitia duka la kule nyumbani. Mama alijibu kwa neno moja, kwamba apewe maziwa ya ng'ombe kidogo mdomoni, ya kwetu hayapo lakini ya huku yatafaa. Basi amekubali. Wekesa alimpa mtoto hayo maziwa kwa kidole.

Alasiri walitoka wote kwenda sokoni wakaniachia mtoto. Akaanza kulia. Nilimweka begani nikatembea naye kutoka dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani. Sikuwa nimelitamka jina lile kwa sauti tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu. Mara ya kwanza lilikwama. Nikajaribu tena.

Nafula.

Nilingoja. Nilikuwa nimekaza mwili wote, kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe.

Hakunyamaza. Aliendelea kulia vile vile, uso umekunjamana, ngumi mbili hewani, kama mtoto yeyote mwenye njaa. Nikamwita tena, na tena, nikizoea. Wairimu aliporudi nilimpa amnyonyeshe, nikaenda kuosha vyombo.